Mng'aro wa ndege ya mfano huanzia kwenye msasa, si kwenye rangi

Na MWANDISHI WETU

WENGI wanaojaribu kuunda ndege ndogo za mfano kwa mara ya kwanza hudhani kwamba kazi ngumu ni kuunganisha vipande, na kwamba rangi ni pambo la kumalizia tu.

Hushangaa basi wanapopuliza rangi nyeupe ya kung'aa na kuona ndege yao ikifichua kila mkwaruzo, kila alama ya gundi na kila chembe ya vumbi ambayo haikuonekana hapo awali.

Rangi haifichi kasoro. Rangi ya kung'aa hurudisha mwanga mithili ya kioo, na popote penye kishimo au kinundu mwanga huo huenda upande mwingine, nalo jicho hutambua papo hapo. Plastiki tupu iliyofifia haina tabia hiyo, na ndiyo sababu mtu anaweza kuitazama kazi yake juma zima bila kushuku lolote.

Hesabu ndogo itasaidia kueleza kwa nini jambo hili ni zito zaidi kwa ndege ya mfano kuliko kwa mlango au gari.

Chukua mfano wa Super VC10, ndege ya injini nne zilizopangwa wawili wawili mkiani, ambayo shirika la East African Airways lilianza kuitumia mwishoni mwa miaka ya 1960. Shirika hilo la pamoja la Kenya, Uganda na Tanzania lilivunjika mwaka 1977. Ndege zake nne za aina hiyo ziliishia mikononi mwa Jeshi la Anga la Uingereza, zikageuzwa kuwa za kujaza wenzake mafuta angani, hadi aina hiyo ilipostaafishwa mwaka 2013.

Ndege halisi ilikuwa na urefu wa zaidi ya mita 52. Kampuni za Airfix na Roden zimewahi kutoa seti za plastiki za ndege hii kwa kipimo cha 1/144, na kwa kipimo hicho urefu wake ni takriban sentimita 36 pekee. Kila kitu kimepunguzwa mara 144, isipokuwa vumbi na rangi.

Chembe ya vumbi yenye unene wa sehemu moja ya kumi ya milimita ikinaswa kwenye rangi, ni sawa na kokoto ya milimita 14 iliyogandishwa juu ya ndege halisi. Unywele wa brashi ni sawa na kamba nene kama kidole. Hakuna rubani ambaye angekubali kuruka na ndege ya namna hiyo, na hakuna mtazamaji atakayeamini kwamba kitu kilicho mbele yake ni ndege.

Kwa ndege halisi, ulaini si suala la urembo. Wahandisi waliounda ndege ya kivita ya Spitfire, iliyoruka mara ya kwanza mwaka 1936, walitaka kujua kama ni lazima vichwa vyote vya ripiti visawazishwe na bati. Walibandika nusu za njegere kavu juu ya ripiti ili zifanane na vichwa vya mviringo, wakairusha ndege, na kasi yake ikapungua kwa takriban maili 22 kwa saa. Kisha waliziondoa njegere hizo safu baada ya safu ili kubaini ni wapi hasa palihitaji kulainishwa.

Tutumie basi hiyo Super VC10 kama kielelezo chetu. Sehemu yake ya juu ilikuwa nyeupe, na nyeupe ya kung'aa ndiyo rangi isiyo na huruma kuliko zote.

Kazi huanza kwenye beseni. Vipande vya plastiki hutoka kiwandani vikiwa na mabaki ya mafuta yanayotumiwa kuvibandua kwenye kalibu, na mikono yetu nayo huongeza mafuta yake. Rangi haishiki juu ya mafuta. Osha vipande kwa maji ya uvuguvugu na sabuni ya vyombo, visugue kwa mswaki wa zamani, visuuze, kisha uviache vikauke vyenyewe. Kitambaa huacha nyuzi.

Maji yasiwe moto. Bawa jembamba la plastiki hupinda kwa urahisi, na likishapinda ni shida kulinyoosha.

Baada ya hapo huja gundi, na hapa ndipo wengi hujiharibia bila kujua. Gundi ya plastiki haibandiki kama gundi ya karatasi, bali huyeyusha kingo za vipande viwili hadi vikawa kitu kimoja. Kiungo hubaki laini kwa saa nyingi huku kiyeyushi kikiendelea kutoka taratibu, na kadiri kinavyotoka plastiki hunywea.

Anayepiga msasa jioni ileile aliyogundisha huona kiungo kimelainika barabara. Majuma mawili baadaye, rangi ikiwa imekwisha kukauka, mfereji mwembamba hujitokeza mgongoni mwa ndege kutoka pua hadi mkia. Haufutiki bila kuondoa rangi yote. Subiri siku moja kwa uchache, na siku mbili ni bora zaidi.

Mianya inayobaki hujazwa kwa puti. Puti nayo hunywea inapokauka, kwa hivyo ni afadhali kupaka matabaka mawili membamba kuliko moja nene. Baadhi ya mafundi hutumia gundi kali ya supaglu badala ya puti kwa kuwa hainywei, lakini ni lazima ipigwe msasa mapema, katika saa ya kwanza au ya pili baada ya kukauka. Ikilala usiku kucha huwa ngumu kuliko plastiki iliyo kandokando yake, na msasa utachimba plastiki huku ukiiacha gundi ikiwa imeinuka.

Sasa tufikie msasa wenyewe, ambao kwa maoni ya mwandishi huyu ndio unaostahili muda mwingi kuliko hatua nyingine yoyote.

Namba iliyoandikwa nyuma ya karatasi ya msasa hueleza udogo wa chembe zake, na kadiri namba inavyopanda ndivyo chembe zinavyozidi kuwa ndogo. Msasa wenye alama ya P400 una chembe za wastani wa mikroni 35, yaani sehemu 35 za elfu ya milimita. P1000 una chembe za mikroni 18 hivi, na P2000 takriban mikroni 10.

Kazi ya kila msasa ni kuondoa mikwaruzo ya ule uliotangulia, basi. Ndiyo maana haifai kuruka kutoka 400 hadi 2000. Karatasi laini kiasi hicho haina nguvu ya kufikia chini ya mitaro mirefu iliyoachwa na ile kavu. Itang'arisha vilele vya mitaro hiyo, na mkono utaamini kwamba kazi imekwisha. Rangi itakapopita juu, mitaro itaonekana yote.

Anza na 400 penye puti pekee, kisha uende 600, 800, 1000, na umalizie kwa 1500 pale patakapopata rangi ya kung'aa. Msasa mweusi wa kutumiwa na maji, ule unaouzwa kwa mafundi wa magari, ndio unaofaa. Maji huondoa unga unaoziba karatasi, huzuia plastiki isipate joto la msuguano, na huzuia vumbi lisiingie puani. Tone la sabuni ya vyombo ndani ya maji hayo huufanya msasa uteleze vizuri.

Penye umbo la mviringo kama mwili wa VC10, usitumie kidole kitupu kusukuma msasa. Kidole ni laini, nacho hufuata mabonde badala ya kuyasawazisha. Funga msasa kwenye kipande cha sponji ngumu au kifutio cha penseli, na usugue kwa kuvuka kiungo badala ya kufuata urefu wake.

Kisha zima taa ya chumba na uimulike ndege kwa tochi kutoka ubavuni, mwanga ukiwa karibu sambamba na plastiki. Kila bonde litatupa kivuli chake. Ukaguzi huu haugharimu chochote, nao hufichua zaidi ya taa yoyote ya dari.

Andakoti, ambayo wengine huiita praima, ina kazi tatu. Ya kwanza ni kushika. Plastiki ni laini na haina vinyweleo, lakini viyeyushi vya andakoti huuma uso wake kidogo na kuacha tabaka ambalo rangi itashikamana nalo.

Kazi ya pili ni kuleta rangi moja. Puti huwa ya kijivu au nyeupe, plastiki huenda ikawa ya samawati, na gundi iliyokauka huwa angavu. Rangi nyeupe ikipakwa juu ya mchanganyiko huo hutoka na madoa.

Kazi ya tatu ndiyo kubwa, lakini haitajwi mara nyingi: andakoti ni mkaguzi. Ni tabaka la kijivu lisilong'aa ambalo huonyesha mikwaruzo yote kwa usawa, huku ukiwa bado na nafasi ya kurekebisha. Aliyepuliza andakoti asione kasoro hata moja, pengine hakutazama vizuri. Jaza, piga msasa, puliza tena mahali hapo. Mafundi wazoefu hurudia hatua hii mara mbili au tatu bila kunung'unika.

Swali linaloulizwa sana ni iwapo andakoti ya magari inaweza kutumiwa. Jibu ni kwamba baadhi yake hufaa vizuri, na baadhi yake zina viyeyushi vikali kiasi cha kuigeuza plastiki ya polistirini ikawa kama ubao uliomwagiwa asidi. Hakuna haja ya kubahatisha. Seti huja na vipande vikiwa vimeshikiliwa na fremu ya plastiki ileile, nayo fremu hutupwa baada ya kazi. Puliza kwenye fremu kwanza, usubiri hadi kesho yake, kisha uikague.

Ni vyema kusisitiza jambo hili kwa sababu seti nyingi huagizwa kutoka ng'ambo. Ubawa ulioyeyushwa na thina hauuzwi peke yake dukani, na kwa kawaida gharama ya kosa la dakika moja ni kununua seti nyingine nzima.

Kwa seti inayotakiwa kuwa nyeupe, puliza kwanza andakoti ya kijivu kwa ukaguzi, kisha andakoti nyeupe juu yake. Rangi nyeupe ya kawaida haina nguvu ya kufunika, na anayeipaka moja kwa moja juu ya kijivu hulazimika kurudia matabaka mengi hadi mistari midogo iliyochongwa kwenye plastiki ikafukiwa yote. Njano na nyekundu nazo zina udhaifu huohuo. Tumbo la ndege lenye rangi ya chuma, kwa upande mwingine, hupendeza zaidi likiwekewa nyeusi ya kung'aa chini yake.

Kabla ya kubonyeza mkebe wa rangi ya kupuliza, utikise kwa dakika mbili kamili. Waweza pia kuuweka ndani ya maji ya uvuguvugu kwa dakika chache ili shinikizo lipande na rangi itoke kwa matone madogo zaidi. Maji yawe ya kustahimiliwa na mkono. Usiuweke mkebe juu ya jiko wala kwenye maji yanayochemka, kwa maana unaweza kulipuka.

Shika mkebe umbali wa sentimita 20 hadi 30 kutoka kwa ndege. Anza kupuliza kabla ya kuifikia, pita kwa mwendo mmoja usiokatika, na uachilie kitufe baada ya kuivuka. Anayeanza na kukomea juu ya bawa huacha dimbwi pale anapoanzia na pale anapokomea.

Tabaka la kwanza liwe kama ukungu tu, plastiki ikiendelea kuonekana chini yake. Subiri dakika 10 hivi. La pili lizidi kidogo. La mwisho ndilo linalopaswa kuwa bichi kiasi cha kutosha, kwa kuwa rangi hujisawazisha yenyewe ikiwa majimaji. Kupata kipimo hicho cha ubichi bila kuvuka mpaka ndio ustadi wenyewe, na haufundishiki kwa maneno. Mazoezi kwenye vijiko vya plastiki vya kutupwa husaidia sana, kwani kijiko kina umbo linalokaribiana na pua ya ndege.

Wenye kipuliza kidogo cha mkono kinachoendeshwa na kompresa wana udhibiti mkubwa zaidi. Wao huizimua rangi hadi ikawa nyepesi kama maziwa, hutumia shinikizo la pauni 15 hadi 20 kwa kila inchi mraba, na hukaribia hadi sentimita 10 au chini ya hapo.

Kasoro za kupuliza zina majina yake, na kila moja ina asili yake. Uso ukitoka na vijishimo kama ganda la chungwa, rangi ilikuwa nzito mno au ilianza kukauka kabla ya kujisawazisha. Uso ukikwaruza kama msasa, matone yalikauka hewani kwa sababu mpulizaji alikuwa mbali. Rangi ikitiririka kama machozi, alikuwa karibu mno au alikawia mahali pamoja. Vikitokea viduara vinavyoikataa rangi, mfano wa macho ya samaki, kuna mafuta au mabaki ya nta chini yake, na yamkini hatua ya beseni ilirukwa.

Isipokuwa hiyo ya mwisho, nyingi ya kasoro hizi zaweza kuokolewa. Kanuni ni kutoigusa rangi ingali mbichi. Kidole kinachojaribu kufuta chozi hugeuza kasoro ndogo kuwa janga. Acha rangi ikauke kabisa, ipige msasa wa 1500 au 2000 kwa maji hadi pasawazike, kisha upulize tabaka jembamba. Jihadhari na kingo za mabawa na mkia, kwani hapo rangi huwa nyembamba na msasa huifikia plastiki upesi.

Hali ya hewa nayo ina sauti yake katika kazi hii, na msomaji aliye Mombasa hakabiliani na tatizo sawa na aliye Nyahururu.

Kiyeyushi kinapotoka kwenye rangi huondoka na joto, na uso wa rangi hupoa ghafla. Hewa ikiwa na unyevu mwingi, kama ilivyo Pwani wakati wa mvua za masika, maji huganda juu ya rangi hiyo iliyopoa na kuiachia ukungu mweupe kama maziwa yaliyozimuliwa. Rangi za laka ndizo zinazoathirika zaidi. Dawa ni kungoja siku kavu, au angalau saa za mchana baada ya jua kukausha hewa. Katika nyanda za juu mwezi Julai tatizo ni baridi. Rangi hukawia kukauka, na muda wote huo vumbi linaendelea kutua juu yake.

Vumbi hilo hupunguzwa kwa njia rahisi. Nyunyiza maji sakafuni kabla ya kuanza, usivae sweta la sufi, na ukimaliza ifunike ndege kwa boksi la katoni au beseni lililofuliwa.

Aina ya rangi pia ina kanuni ambayo haivunjwi. Kuna rangi za akriliki zinazozimuliwa kwa maji, kuna za enameli zinazozimuliwa kwa tapentaini, na kuna za laka zinazozimuliwa kwa thina kali. Enameli yaweza kupakwa juu ya laka iliyokauka. Laka ikipulizwa juu ya enameli, kiyeyushi chake hupenya na kuikunja rangi ya chini kama ngozi ya mzee.

Kukauka nako si kukomaa. Akriliki huweza kuguswa baada ya nusu saa, ilhali ndani bado ni laini kwa siku kadhaa. Enameli ya kung'aa inaweza kuhitaji wiki nzima na zaidi. Kipimo cha kuaminika ni pua: ikiwa ndege bado inanukia rangi, viyeyushi bado vinatoka, na si wakati wa kuibandika utepe wala kuipiga msasa.

Hilo la harufu linatuleta kwenye jambo ambalo mafundi wengi, wakubwa kwa wadogo, hulipuuza. Kitambaa kilichofungwa puani, au barakoa ya karatasi, huzuia vumbi na sehemu ya matone ya rangi, lakini mvuke wa thina hupita kana kwamba hakuna kitu. Kinachouzuia ni barakoa ya mpira yenye vichujio vya makaa maalumu vinavyobadilishwa kila vinapochoka. Kwa asiye na barakoa hiyo, mahali pa kupulizia ni nje, upepo ukitokea mgongoni mwake.

Chumba kimoja chenye jiko linalowaka, liwe la mkaa, la mafuta au la gesi, si mahali pa kupulizia rangi hata kwa dakika moja. Mvuke wa laka na gesi inayosukuma rangi kutoka kwenye mkebe hushika moto, na mvuke mwingi wa aina hiyo ni mzito kuliko hewa. Hutambaa sakafuni hadi ukaufikia mwali.

Kuna rangi moja ambayo haifai kabisa kwa kazi ya nyumbani. Ni ile ya magari inayochanganywa kutoka mikebe miwili, rangi na kigandishi chake. Mng'aro wake ni wa kuvutia, na kwa sababu hiyo wapo wanaoomba kibaba kidogo kutoka kwa fundi wa gereji. Vigandishi vingi vya namna hiyo vina kemikali ziitwazo isosianeti, ambazo huweza kumwachia mtu ugonjwa wa pumu, na mwili ukishazikataa, hata kiasi kidogo sana siku nyingine huweza kumziba pumzi. Karakana zinazofuata kanuni humpa mpulizaji hewa safi kwa bomba kutoka nje. Ndege ya sentimita 36 haistahili hatari hiyo.

Watoto na vilabu vya shuleni watumie akriliki za maji na brashi. Brashi si aibu. Tumia ile pana ya nywele laini, izimue rangi zaidi ya unavyodhani inafaa, ipake kwa upande mmoja bila kurudirudi pale ilipoanza kukauka, na upake tabaka la pili likivuka la kwanza. Matabaka matatu au manne yaliyopigwa msasa wa 2000 katikati yake yanaweza kumdanganya hata mpulizaji.

Neno moja kwa wanaounda ndege za kuruka, zile za mbao nyepesi za balsa. Kwao adui ni vinyweleo vya mti, na pia uzito. Njia ya tangu zamani ni kuchanganya laka ya kuzibia mbao na poda ya mwili, kuipaka, na kuipiga msasa hadi karibu yote iondoke, ibaki tu ndani ya vinyweleo. Kila gramu ya rangi inayowekwa nyuma ya kitovu cha uzito hudai uzani mwingine puani, kwa hiyo mkia upakwe kidogo iwezekanavyo. Mashirika makubwa nayo hulijua jambo hili, kwani rangi ya ndege kubwa ya abiria huwa na uzito wa mamia ya kilo. Kwa miongo kadhaa, hadi mwaka 2013, American Airlines ya Marekani iliziacha ndege zake nyingi zikiwa chuma kitupu kilichosuguliwa.

Turudi kwa VC10 yetu, ambayo sasa ni nyeupe na imekomaa kwa wiki moja. Mistari ya ubavuni hupakwa kwa kufunika panapobaki peupe kwa utepe wa karatasi. Ili rangi isipenye chini ya utepe, puliza kwanza nyeupe ileile juu ya ukingo wake. Kitakachopenya kitakuwa nyeupe juu ya nyeupe, nao mwanya utakuwa umezibwa kabla ya rangi ya pili kufika. Utepe ubanduliwe kwa kuukunja na kuuvuta nyuma juu ya wenyewe, polepole, wala usivutwe kwenda juu.

Herufi, bendera na nembo ya mkiani huja kama vibandiko vinavyoloweshwa majini. Kwa hivi, ulaini si wa kupendeza macho tu. Kibandiko kikiwekwa juu ya rangi isiyong'aa, hewa hunaswa katika vijishimo chini yake na kumetameta kama fedha, na karatasi nyembamba inayozunguka herufi huonekana wazi. Juu ya uso laini hewa haina pa kujificha, na ukingo wa karatasi hiyo hupotea. Hata ndege ya kivita inayotakiwa kufifia mwishoni hung'arishwa kwanza kwa vanishi, ikabandikwa, ndipo ikafifishwa.

Baada ya vibandiko kukauka kwa siku moja, futa mabaki ya gundi yake kwa pamba yenye maji, kisha upulize vanishi angavu matabaka mawili membamba. Baadhi ya vanishi za enameli hugeuka manjano kadiri miaka inavyopita, na juu ya nyeupe hilo huonekana mapema, hivyo akriliki ndiyo chaguo la busara hapa. Iweke ndege mbali na dirisha lenye jua la moja kwa moja, na vumbi lake uliondoe kwa brashi laini ya kupakia poda usoni, si kwa kitambaa kikavu.